Maswali ya Wasomaji: Vita Katika Stempu

Barua tulizozichagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna taifa linavyovikumbuka vita vyake kwa njia ya stempu za posta. Wengi wameuliza kuhusu Marekani, nchi ambayo stempu zake za Vita vya Pili vya Dunia hazikosekani katika albamu za wakusanyaji. Wengine wameuliza kuhusu huku kwetu.

Ni kumbukumbu au ni propaganda?

*Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Kila ninapowaonyesha wanafunzi stempu za wakati wa vita, huniuliza kama hizo ni kumbukumbu au ni propaganda za serikali. Niwajibu vipi?*
Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, waambie waanze na tarehe. Stempu iliyotolewa wakati vita bado vinapiganwa haina cha kukumbuka. Kazi yake ni kuhimiza. Tarehe 4 Julai 1942, siku ya uhuru wa Marekani, Posta ya nchi hiyo ilitoa stempu ya zambarau ya senti 3 yenye tai aliyeinua mabawa yake yakafanya umbo la herufi V, pamoja na wito wa kushinda vita. Senti 3 ndiyo iliyokuwa gharama ya barua ya kawaida ya ndani, na stempu hiyo ilichapishwa kwa mabilioni, kwa hiyo kila aliyemwandikia mama yake, mdeni wake au mchumba wake aliubandika wito huo juu ya bahasha bila kuulizwa maoni yake.

Siku 3 baadaye ikafuata stempu ya senti 5 kwa heshima ya China, yenye sura za Abraham Lincoln na Sun Yat-sen, kutimiza miaka 5 tangu Wachina walipoanza kupambana na uvamizi wa Japani wa mwaka 1937. Senti 5 zilikuwa gharama ya barua ya kwenda nje. Aliyekusudiwa kuisoma stempu hiyo alikuwa mtu wa ng'ambo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni stempu za bendera. Rais Franklin Roosevelt alikuwa mkusanyaji wa stempu tangu utotoni, na chini ya uongozi wake Posta ilitoa, kati ya Juni 1943 na Novemba 1944, stempu 13 zenye bendera za nchi zilizokuwa zimekaliwa na maadui. Ya kwanza ilikuwa ya Poland na ya mwisho ya Korea, na kati yake zikaja za Chekoslovakia, Norway, Luxembourg, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Ugiriki, Yugoslavia, Albania, Austria na Denmark. Katikati kuna bendera kwa rangi zake zote. Kushoto yuko yule ndege wa hadithi za kale anayefufuka kutoka katika majivu yake. Kulia kuna mwanamke aliyepiga magoti huku minyororo yake ikikatika. Kwa kuwa kiwanda cha serikali hakikuwa na uwezo wa kuchapisha rangi nyingi kiasi hicho, kazi hiyo ilipewa kampuni binafsi, American Bank Note Company.

Waombe wanafunzi wako waitazame ile ya Austria. Nchi hiyo ilimezwa na Ujerumani mwaka 1938, na vijana wake walikuwa wakipigana ndani ya jeshi la Hitler wakati stempu hiyo ilipotolewa mwezi Novemba 1943. Lakini majuma machache kabla ya hapo mataifa makubwa yalikuwa yametangaza huko Moscow kwamba Austria ilikuwa nchi ya kwanza huru kuangukia mikononi mwa Hitler, na kwamba itapewa uhuru wake tena. Stempu ililichukua tamko hilo la kisiasa, ambalo wanahistoria wamelijadili sana tangu hapo, na kulipeleka hadi mlangoni kwa mpokea barua. Mwanafunzi akishaliona hilo, hatauliza tena kama stempu inaweza kuwa propaganda.

Kisha mwonyeshe stempu za mwaka 1948. Mojawapo imetolewa kwa heshima ya akina mama waliofiwa na wana wao vitani. Nyingine ni ya viongozi wanne wa dini, Mkatoliki mmoja, rabi mmoja wa Kiyahudi na Waprotestanti wawili, waliowapa wenzao maboya yao wakati meli Dorchester ilipokuwa ikizama katika Atlantiki ya Kaskazini mwezi Februari 1943, nao wakazama pamoja nayo. Hapo hakuna wito wa kushinda. Kuna huzuni, nayo huzuni haimwamrishi mtu chochote. Hizo, Mwalimu, ni kumbukumbu.

Bendera ya Iwo Jima

*Marehemu baba aliniachia stempu ya kijani ya Marekani, ya senti 3, yenye askari wanaosimika bendera. Rafiki yangu anasema ilitolewa kinyume cha kanuni kwa sababu nchi hiyo hairuhusu watu walio hai kuonyeshwa kwenye stempu. Je, ni kweli? Na hao askari ni akina nani?*
Msomaji, Mombasa

Rafiki yako hakukosea kuhusu kanuni. Picha iliyo kwenye stempu yako ilipigwa na Joe Rosenthal wa shirika la habari la Associated Press tarehe 23 Februari 1945, juu ya mlima Suribachi katika kisiwa cha Iwo Jima, ambako Wamarekani na Wajapani walikuwa wakipigana vita vikali. Waliosimika bendera walikuwa askari 6 wa kikosi cha Marine, na watatu kati yao waliuawa kisiwani humohumo kabla ya mapigano kumalizika. Watatu waliobaki walikuwa hai, na ndiyo sababu wakuu wa Posta walisita. Shinikizo kutoka kwa wabunge na wananchi liliwashinda, na stempu ikatolewa tarehe 11 Julai 1945, hata miezi 5 haijatimia tangu picha ipigwe, na Japani ikiwa bado haijasalimu amri. Zilichapishwa zaidi ya milioni 137, kwa hiyo itunze kwa ajili ya marehemu baba yako na usitarajie kwamba itakuletea fedha nyingi.

Kuhusu majina, kisa chake ni kirefu. Katika picha hiyo nyuso hazionekani vizuri. Mikono, migongo na kofia za chuma ndivyo vinavyoonekana. Jina moja lililotangazwa mwanzoni lilisahihishwa mwaka 1947. Mwaka 2016, na tena mwaka 2019, kikosi cha Marine chenyewe kilikiri, baada ya uchunguzi mpya wa picha, kwamba wengine wawili waliokuwa wakitajwa kwa miaka mingi hawakuwamo katika picha hiyo, na kwamba waliokuwamo kweli waliishi hadi kufa bila umma kujua. Stempu haikuandika jina la mtu, na kwa hiyo haikuhitaji kusahihishwa. Ninaamini kwamba hiyo ndiyo nguvu yake: mzazi yeyote aliyekuwa na kijana katika bahari ya Pasifiki aliweza kuutazama mmoja wa migongo ile na kusema huyu ni wangu.

Stempu ya bomu iliyofutwa

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimesoma kwamba Marekani iliwahi kuandaa stempu ya bomu la atomiki kisha ikaifuta kabla haijatoka. Kwa nini waifute, ilhali bomu lilitupwa kweli na dunia nzima inajua?*
Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zito kuliko mengine yote ya mwezi huu.

Kuanzia mwaka 1991 hadi 1995 Posta ya Marekani iliadhimisha miaka 50 ya Vita vya Pili vya Dunia kwa mpango uliofikiriwa vizuri. Kila mwaka ilitoa karatasi moja yenye ramani ya dunia katikati na stempu 10 kandokando yake, zikisimulia mwaka uliolingana nao nusu karne nyuma: karatasi ya 1991 ilisimulia 1941, ya 1992 ikasimulia 1942, na kuendelea. Jumla zilikuwa stempu 50, za senti 29 kila moja kwa miaka minne ya mwanzo na senti 32 kwa mwaka wa mwisho. Ninazipenda karatasi hizo kwa sababu hazikuishia kwenye mizinga na manowari. Humo utawakuta wanawake walioingia viwandani kwa mamilioni, chakula kilichogawiwa kwa mgao, matabibu wanaowahudumia majeruhi, kitambaa chenye nyota ya dhahabu kinachotundikwa dirishani kuonyesha kwamba nyumba hiyo imempoteza mtu wake, na watu walionusurika katika kambi za mauaji za Wanazi. Nchi iliyopigana vita hivyo ilikubali kwamba vita ni pamoja na jikoni na karakana.

Karatasi ya mwisho, ya kusimulia 1945, ilipotangazwa mwishoni mwa mwaka 1994, stempu mojawapo ilionyesha wingu la bomu la atomiki lenye umbo la uyoga, na maelezo yake yalisema kwamba mabomu ya atomiki yaliharakisha mwisho wa vita mwezi Agosti 1945. Japani ililalamika, serikali yake pamoja na meya wa Nagasaki. Ikulu ya Marekani iliingilia kati, na mwezi Desemba 1994 Posta ikatangaza kwamba stempu hiyo haitatoka. Nafasi yake ilichukuliwa na picha ya Rais Harry Truman akijiandaa kutangaza kwamba Japani imesalimu amri, na karatasi ikatolewa tarehe 2 Septemba 1995.

Sasa, kwa nini waifute? Wapo waliosema, na hasa askari wa zamani ambao mwaka 1945 walikuwa wakisubiri amri ya kuivamia Japani, kwamba bomu liliokoa maisha yao na kwamba kulificha ni kuwadhulumu. Hoja yao haifai kudharauliwa, kwa maana wao ndio ambao wangetangulizwa ufukweni. Lakini itazame stempu yenyewe. Picha ya wingu ni tukio. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni hoja. Wanahistoria wanaendelea kubishana ni kwa kiasi gani Japani ilisalimu amri kwa sababu ya mabomu ya tarehe 6 na 9 Agosti, na ni kwa kiasi gani kwa sababu Umoja wa Kisovieti uliitangazia vita tarehe 8 Agosti. Mjadala wa namna hiyo unahitaji kitabu. Karatasi inayotoshea ncha ya kidole gumba haiwezi kuubeba. Inachoweza ni kuufunga.

Tena, wingu lile ni picha iliyopigwa kutoka angani, yaani ni kile alichokiona mtu aliyekuwa ndani ya ndege akiondoka. Aliyekuwa chini, katika mitaa ya Hiroshima au Nagasaki, hakuliona wingu kwa umbo hilo. Na stempu husafiri. Kitabu cha historia mtu hukinunua kwa hiari yake, bali barua humfikia nyumbani, na barua ya kutoka Marekani ingeweza kumfikia mzee wa Nagasaki aliyeondokewa na watoto wake asubuhi ile, ikiwa na wingu hilo juu ya bahasha kama pambo.

Kwa hiyo naona walifanya vyema kuiondoa. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kile walichokiweka badala yake. Kwa kumweka Rais akiwa na habari njema mkononi, waliiacha karatasi ya mwaka 1945 bila stempu yoyote ya Hiroshima wala Nagasaki, kana kwamba vita viliisha kwa tangazo tu. Ingewezekana kuandika majina ya miji hiyo miwili na tarehe zake, bila wingu na bila hoja. Katika utafiti wako wa chuo, weka mbele yako stempu iliyofutwa na stempu iliyotoka, kisha uandike kuhusu kilichopotea kati ya hizo mbili.

Babu yangu yuko wapi?

*Babu yangu alipigana Burma akiwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nilipoona stempu za ushindi za mwaka 1946 za Kenya, Uganda na Tanganyika nilifurahi, lakini humo sikumwona Mwafrika. Kwa nini?*
Mjukuu wa Askari, Nairobi

Hukumwona kwa sababu hakuwekwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliagiza makoloni yake yatoe stempu za ushindi kwa mchoro mmoja wa pamoja: sura ya Mfalme George wa Sita, na jengo la Bunge la London likionekana kutoka upande wa mto Thames. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata za senti 20 na senti 30. Zanzibar ilifanya tofauti kidogo, kwani ilichukua stempu zake zilizokuwapo na kuzipiga chapa ya maneno ya ushindi juu yake. Cha kushangaza ni kwamba Uingereza kwa watu wake yenyewe ilitoa stempu mbili zenye alama za amani na ujenzi mpya, kama njiwa, mwiko wa mwashi na matofali. Mwingereza alionyeshwa nyumba yake itakavyojengwa upya. Sisi tulionyeshwa Bunge ambalo babu yako hakuwa na mwakilishi ndani yake.

Wakati huohuo watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamepigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Sijui familia ngapi za Ukambani, Unyamwezini au Acholi zilipokea taarifa hiyo kwa barua, lakini kama zilipokea, stempu za wakati ule hazikuwa na chochote cha kuwafariji.

Usidhani hata hivyo kwamba kuachwa nje kulikuwa kwetu peke yetu, wala kwamba hakurekebishiki. Doris Miller alikuwa mhudumu wa jikoni melini, kwa kuwa jeshi la majini la Marekani wakati huo liliwaruhusu weusi kazi kama hizo tu. Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 alishika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwa amefundishwa kuitumia, akapewa nishani, na mwaka 1943 akafa vitani. Sura yake ilikuja kuwekwa kwenye stempu mwaka 2010. Wamarekani wa asili ya Kijapani walipigania nchi ambayo ilikuwa imewafungia ndugu zao kambini, watu wapatao 120,000. Stempu ya kuwaheshimu askari hao ilitolewa mwezi Juni 2021, baada ya wananchi kuiomba kwa miaka mingi bila kuchoka. Stempu hizo mbili hazikutokana na huruma ya serikali iliyoamka asubuhi moja ikakumbuka. Ziliombwa, kwa barua na kwa ushahidi. Kama una picha ya babu yako, nishani yake na hati yake ya kuachishwa jeshi, unao mwanzo wa ombi la namna hiyo kwa mamlaka ya posta ya nchi yako.

Stempu za Vuga

*Hapa Lushoto wazee husimulia kwamba wamisionari wa Vuga waliwachapishia Wajerumani stempu wakati wa vita vya kwanza. Je, ni kweli, na stempu hizo zinaweza kuhesabiwa kuwa za kumbukumbu?*
Msomaji, Lushoto

Ni kweli. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeufunga mwambao wote wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na stempu za koloni, zile zenye picha ya meli ya Kaiser, zilianza kwisha. Ndipo mwaka 1916 kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, jina ambalo Wajerumani waliliandika Wuga, kikachapisha stempu za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaanza kutumika, shehena mpya ya stempu ikafika kwa meli iliyopenya zuio, na zile za Vuga zikafukiwa ardhini huko Mohoro zisitekwe na adui. Baada ya vita zilifukuliwa, zikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1921 zikauzwa kwa mnada mjini Berlin.

Za kumbukumbu sizo, kwa kuwa hazikutolewa kukumbuka kitu. Ni mabaki ya vita vyenyewe, na ziko pamoja na nyingine nyingi za namna hiyo: stempu za Mafia za mwaka 1915, baada ya Waingereza kukiteka kisiwa, stempu za Kongo ya Kibelgiji zilizopigwa chapa kwa ajili ya Ruanda na Urundi mwaka 1916, na stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa herufi G.E.A., yaani German East Africa, kuanzia mwaka 1917, hadi Tanganyika ilipopata zake zenye kichwa cha twiga mwaka 1922. Anayeteka mji huteka na posta yake, na chapa inayopigwa juu ya stempu ndiyo tangazo la kwanza la mtawala mpya. Wapagazi waliobeba risasi na unga kwa ajili ya pande zote mbili, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara damu, hawamo katika hata moja ya hizo. Jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Bahasha ya zamani

*Nimepata bahasha ya babu ya mwaka 1943 yenye stempu na karatasi ya mkaguzi iliyobandikwa pembeni. Niiloweke majini nitoe stempu?*
Msomaji, Zanzibar

La, usiiloweke hata kidogo. Stempu za kawaida za mwaka huo zipo nyingi, lakini bahasha yenye muhuri wa posta, anwani na karatasi ya mkaguzi wa barua inaonyesha ilikotoka, ilikopita, na kwamba kuna afisa aliyeifungua na kuisoma kabla ya mwenyewe. Iweke ndani ya mfuko wa karatasi usio na asidi, mbali na jua na unyevu wa pwani, na usiifunge kwa utepe wa gundi. Andika kwenye karatasi nyingine, kwa penseli, jina la aliyeipeleka na la aliyeipokea, mahali kila mmoja alipokuwa, na kazi aliyokuwa akifanya, wakati wazee wanaojua bado wapo wa kuulizwa.